Nyumba Isiyo Mbovu vya Kutosha

Fomu za kuombea fedha za kuhifadhi majengo ya kale huanza kwa swali la upole: mmiliki wa jengo ni nani? Nafasi ya kujibu ni mstari mmoja, unaotosha jina la mtu na la babake. Aliyeitunga fomu hiyo hajawahi kuketi barazani Mkomani, mjini Lamu, akauliza nyumba fulani ni ya nani. Angeanza kuelezwa baada ya swala ya alasiri, na adhana ya magharibi ingemkuta bado yuko kwa babu wa pili. Angeondoka akijua nani aliolewa na nani, nani alikwenda Muscat akasahau kurudi, na ni shangazi yupi asiyesemezana na yupi mpaka leo. Jina la kuandika kwenye mstari asingelipata.

Nyumba yetu ni ya ghorofa moja. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyochongwa Manda, ng'ambo ya mkondo. Ina daka, ina kiwanda, yaani ua wa ndani, na kule ndani kabisa kuna ukuta mzima wa zidaka wenye nakshi za chokaa. Chini husoma watoto wa madrasa. Juu anaishi Bi Mkubwa, mjukuu wa mwenye nyumba, na ndiye serikali ya pale. Kamati ya kuinusuru nyumba iliundwa msibani, maana huko ndiko watu hukutana wote, na mimi nikapewa ukatibu kwa sifa moja tu: nina kompyuta ambayo betri yake hudumu hata stima zikipotea.

Warithi wako Mombasa, Muscat, Jeddah na Toronto, na wote wamo katika kundi moja la WhatsApp. Nilimwomba kila mmoja atume barua fupi yenye sahihi, kwamba amekubali nyumba itengenezwe. Nilipokea mikono ya dua, mawaridi, video ya mtoto akisoma Kurani, na sauti ndefu ya mjomba wa Muscat akisimulia alivyoteleza kwenye ngazi ile akiwa mdogo. Binamu wa Toronto aliuliza kama si bora iuzwe, na kundi likanyamaza mpaka kesho yake, jambo ambalo halijapata kutokea tena. Mmoja alikubali upesi kuliko wote, kwa herufi kubwa, kumbe mwenyewe ni marehemu na simu anaitumia mwanawe. Mwenyekiti aliona tumhesabu hivyo hivyo. "Mwana ni mrithi," alisema, "na marehemu mwenyewe hakuwa mtu wa kukataa."

Baada ya mwenye nyumba huja bei. Mfadhili anataka kotesheni tatu kutoka kwa wauzaji watatu wanaoshindana, kila moja na muhuri wake. Kama ni saruji, ningezipata kabla ya chai ya asubuhi. Lakini saruji ndiyo tunayoikimbia. Tumbawe hunywa unyevu na kuutoa, na chokaa huuachia njia. Ukilifunika kwa plasta ya saruji, maji na chumvi ya bahari hubaki humo humo, plasta huvimba na kubanduka, na boriti huoza vichwa pale zilipoingia ukutani. Fundi wetu hupima unyevu kwa kubandika mgongo wa mkono ukutani kama anayempima mtoto homa, na akikuta kiraka cha saruji hukitazama, akamtazama na aliyekileta.

Chokaa yenyewe, ile ya matumbawe yaliyopangwa juu ya kuni yakachomwa usiku kucha, tunainunua kwa mtu mmoja tu tunayemwamini. Nilimwendea nikamweleza habari ya kotesheni tatu. Alijifuta vumbi usoni, akafikiri.

"Basi mwanangu, andika bei tatu. Zote zangu. Wao wachague ile ya katikati."

Usafiri nao ulikuwa na ukurasa wake: aina ya chombo, namba ya usajili, mwaka wa kuundwa. Mawe na chokaa mjini Lamu hubebwa na punda, kwa sababu kuna vichochoro ambavyo punda akishapita na mzigo, binadamu hana budi kurudi nyuma mpaka kwenye mlango wa mtu. Tuliandika "punda". Mfumo ukakataa, ukatuandikia kwa maandishi mekundu kwamba namba ya usajili ni ya lazima. Mweka hazina akashauri tuweke namba ya kitambulisho cha mwenye punda, na palipoulizwa mwaka wa kuundwa, tuweke mwaka aliozaliwa. Mfumo ukaridhika. Kwa hiyo mahali fulani Ulaya kuna kumbukumbu inayoonyesha kwamba mawe yetu yatabebwa na chombo cha mwaka 1974, na haishangazi kwamba baadaye walituuliza kama kiko katika hali nzuri. Tulijibu kwamba ana mke na watoto.

Suala la mazingira, nakiri, walikuwa na haki kuliuliza. Dari zetu hulala juu ya boriti, na boriti ni mkoko. Hata upana wa vyumba vya Kiswahili umeamuliwa na mti huo: boriti haibebi mzigo wa dari kwa zaidi ya mita tatu hivi, ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba. Kwa karne nyingi majahazi yaliondoka hapa na boriti kwenda kuezekea nyumba za Uarabuni, mpaka usafirishaji huo ukapigwa marufuku. Mwaka 2018 serikali ikasimamisha ukataji wa miti katika misitu yake, mikoko ya Lamu ikiwamo. Sasa fomu, kwenye kifungu kimoja, ilitaka tutumie vifaa vya asili pasipo kubadilisha chochote. Vifungu vichache mbele ikataka tuahidi kwamba hakuna mkoko utakaoguswa. Fundi alisema jibu ni kutumia boriti za nyumba iliyoanguka mtaa wa pili. Mwenyekiti akauliza ile nayo si ya kale? Fundi akasema ilikuwa.

Kisha wakatuandikia kwamba watamtuma afisa aje ajionee.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na yaliharibika kwa sababu yalitengenezwa. Bi Mkubwa alisikia neno "mgeni", yaliyobaki hakuyasikia. Niliingia asubuhi ya siku yenyewe nikakuta kiwanda kimepigwa chokaa mpya kimo cha mtu. Pale plasta ilipodondoka pametundikwa mkeka wa Matondoni, mzuri, wa kuolea. Ufa mkubwa wa kwenye zidaka umezibwa na sahani za kale alizozitoa sandukuni. Chini ya dari inayovuja, mahali pa sufuria, pamekaa birika la shaba linalong'aa. Watoto wa madrasa wamevishwa kanzu za Idi. Moshi wa udi ulikuwa umetanda hata harufu ya ukungu, ushahidi wetu wa mwisho, haikusikika tena.

"Bi," nikamwambia, "mgeni anakuja kutazama ubovu."

"Mgeni haonyeshwi ubovu."

"Lakini ndio alioufuata, Bi. Amepanda ndege kwa ajili yake."

"Basi akautafute kwao. Humu ataingia, atakula, ataondoka na heshima yetu."

Afisa alivuka kwa boti kutoka uwanja wa ndege wa Manda, akaingia, akala. Kulikuwa na samaki wa kupaka, mkate wa mofa, viazi vya karai na maji ya ukwaju, na kila alipoinua kalamu Bi Mkubwa alimwongezea kitu kwenye sahani. Alipouliza dari ina shida gani, Bi Mkubwa alijibu alhamdulillahi, nyumba haina neno. Nikamtupia jicho Fundi anisaidie. Fundi, ambaye mwezi mzima alikuwa akinionya tusipite chini ya dari ile kwa kishindo, alijiona yuko mbele ya mgeni na mbele ya kazi ya babu zake, akasema, "Dari hii, inshallah, itatuzika sisi sote." Nilijaribu kuinua pembe ya mkeka. Bi Mkubwa alinitazama, nikaushusha. Afisa akapiga picha nyingi, zote nzuri.

Jibu lilikuja kwa maneno matamu. Walishukuru kwa ukarimu, wakaipongeza jamii kwa kulitunza jengo katika hali ya kuridhisha, wakasikitika kwamba fedha ni chache na kwamba hutangulizwa majengo yaliyo katika hatari ya karibu. Nilimsomea Bi Mkubwa barua nzima. Alifurahi sana, akataka itiwe fremu.

Hapa nina langu la kusema. Nyumba ya namna hii haihitaji mamilioni. Inahitaji magunia kadhaa ya chokaa kila mwaka kabla ya masika, fundi wa siku chache, na mtu wa kupanda juu kuzibua mifereji. Nimesoma miongozo ya wafadhili wengi na sijaona kisanduku cha kazi hiyo. Kuna visanduku vya uokoaji, vya ubunifu, vya teknolojia ya kidijitali, na kimoja kilitaka kujua nyumba yetu itachangiaje ajira ya vijana. Kuzibua mfereji hakumo. Mji wa Lamu uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na sababu mojawapo ni kwamba bado watu wanaishi humo. Ila ukiishi humo vizuri, ukifagia na kupaka chokaa, unaonekana huna shida. Magofu ya Kilwa Kisiwani yaliingia kwenye orodha hiyo mwaka 1981, lakini mwaka 2004 yalipotiwa katika ile nyingine, ya urithi ulio hatarini, ndipo wakubwa walipogeuza shingo. Yakatolewa huko mwaka 2014. Na Jumba la Maajabu la Unguja, lililojengwa mwaka 1883, liliporomoka upande mmoja Desemba 25, 2020, katikati ya ukarabati, likaua watu. Tangu siku hiyo hakuna aliyeuliza kama ni bovu vya kutosha. Bei hiyo ya kuaminiwa ni kubwa mno.

Sisi masika yalituonea huruma. Kipande cha dari ya juu kilianguka usiku, Bi Mkubwa akiwa kwa bintiye Langoni, kikaua birika la shaba peke yake. Nilifika na simu na kupiga picha kabla hajapata ufagio. Mwenyekiti alizitazama moja moja, akanipa mkono. "Hongera," alisema. "Hizi zitatupeleka mbali."

Zilitupeleka London, kwa mfadhili mwingine, ambaye mwisho wake wa kupokea maombi ulikuwa Machi 31, saa kumi na moja jioni za huko. Mweka hazina alipiga hesabu mwanzoni mwa mwezi: tofauti ni saa tatu, kwa hiyo kwetu ni saa mbili usiku. Akaiandika kwa chaki ukutani, kamati nzima ikaithibitisha. Siku ilipofika kila kitu kilikuwa tayari, tukakubaliana tuswali magharibi, kisha tubonyeze kwa utulivu, bila haraka za kishetani. Tulirudi tukafungua kompyuta. Ukurasa ulikuwa umefungwa.

Mjukuu wa mwenyekiti, anayesoma kidato cha tatu, ndiye aliyetufunulia: Jumapili ya mwisho ya Machi Waingereza husogeza saa zao mbele kwa saa nzima. Mwisho ulikuwa saa moja.

"Wamesogeza saa?" mwenyekiti aliuliza.

"Ndiyo, babu. Kila mwaka."

"Na jua?"

"Jua liko pale pale."

Mwenyekiti alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. "Watu hawa," alisema, "ndio wanaotuuliza sisi kama tutabadilisha chochote cha asili."

Kilichotuokoa ni kwamba mtambo wao ulielemewa na waombaji wengi jioni ile, wakaongeza siku. Tukatuma mapema mno, wakati wa dhuha. Miezi ikapita, wakatujibu: tumepata. Si fedha za kutajwa mbele za watu, lakini ni fedha.

Kazi ilifunguliwa kwa dua, kahawa tungu na halua, kwa kuwa hakuna fundi wa hapa atakayegusa ukuta wa watu pasipo dua. Mhasibu wao aliirudisha stakabadhi ya halua, akauliza inahusiana vipi na uhifadhi. Niliandika "ushirikishwaji wa jamii katika hatua za awali". Akaikubali, akashauri mara nyingine tutenge fungu kubwa zaidi.

Tatizo limebaki kwenye chokaa. Mradi ni wa miezi 12 na kila robo mwaka huandikiwa ripoti, lakini chokaa ikishazimwa hutaka kulala shimoni na maji yake miezi kabla ya kupakwa, na Fundi hataki kusikia habari ya kuiamsha mapema. Ripoti ya kwanza, kwenye shughuli zilizotekelezwa, niliandika kwamba chokaa imelala. Wakauliza kuna maendeleo gani. Nikajibu kwamba inaendelea kulala. Wakaomba picha, nikawapigia shimo lililofunikwa makuti, na watoto wawili wa madrasa kando yake ili wahesabike miongoni mwa wanufaika. Wakashukuru, wakataka asilimia ya utekelezaji.

Nilikwenda shimoni na Fundi. Alifunua makuti, akachovya kidole, akakisugua kwa kidole gumba, akakiinua kwenye mwanga.

"Andika sitini."

Niliandika sitini. Walifurahi mno na kutuma awamu ya pili, ambayo mwenye punda alipata habari zake kabla ya mweka hazina.