Mizunguko 766

Mama mkwe ndiye aliyeweka sarafu. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalonichoma, na leo ni siku ya tatu. Alifungua pindo la kanga, akatoa sarafu ya shilingi mia mbili, akaiweka juu ya kichwa cha mkono wa mashine yangu ya santuri, kisha akarudi kukaa na kusema, bila ubaya wowote: "Sindano imekwama, mwanangu. Nilikuwa nangoja uione mwenyewe."

Alikuwa amengoja dakika 23.

Wageni walikuwa wanne: yeye, shemeji zangu wawili, na mjomba wa mke wangu aliyeingia kutoka Tanga asubuhi ile ile. Pilau lilikuwa limeshaliwa, kahawa imemiminwa, kashata zinazunguka. Nikaona huu ndio wakati. Kifurushi kilikuwa kimefika juzi yake: toleo jipya la sahani ya tekno ya Detroit ya miaka ya 1990, gramu 180, jalada gumu kama kibao cha chuoni. Nikaitoa kwa ncha za vidole kama anavyotolewa nje mtoto wa arobaini. Nikaifuta vumbi ambalo halikuwepo. Nikawaomba watu wazime simu. Hili nalo linaniuma peke yake, kwamba niliwaomba wazime simu.

Mkono ulinitetemeka kidogo, sindano ikatua ndani zaidi ya nilivyokusudia. Mdundo ukaanza: du, du, du, du. Juu yake kulikuwa na kitu kama kijiko kinachogonga glasi, na chini yake besi iliyotikisa vikombe vya kahawa. Nikafumba macho.

Dakika ya pili nilikuwa natikisa kichwa. Dakika ya tano nikaanza kufundisha. "Sikilizeni kwa makini," nikasema. "Huu si muziki wa kuimbwa. Unabadilika polepole mno, sikio lisilozoea haligundui." Dakika ya tisa nikainua kidole: "Hapo! Mmesikia? Kijiko kimesogea." Shemeji mdogo, ambaye namdai laki na nusu, akasema amesikia. Shemeji mkubwa, ambaye hanidai wala simdai, akaendelea kutafuna kashata. Dakika ya kumi na nne niliwaeleza kwamba hapa mtunzi anasimulia upweke wa mji uliokimbiwa na viwanda vyake vya magari. Mjomba alikuwa amesinzia. Dakika ya ishirini machozi yakanilengalenga, na sikuyafuta, maana niliona yananipendeza.

Ndipo ikaja sarafu. Mkono wa mashine ukashtuka, sindano ikatoa mlio kama zipu ya begi la shule, ikaruka mbele, na wimbo mwingine kabisa ukaanza, wenye vinanda na kila kitu.

"Haya," akasema mama mkwe. "Sasa inatembea."

Mjomba akafumbua jicho moja. "Kumbe ilikuwa haijaanza?"

Haki isemwe: haikukwama. Ilikuwa imefungwa, na tofauti ya mambo hayo mawili niliieleza kwa nusu saa nyingine nzima, watu wakiwa wanatafuta viatu vyao. Naieleza tena hapa kwa sababu huku hakuna wa kuondoka.

Upande mmoja wa sahani ya santuri una mfereji mmoja tu. Wengi hudhani ni mingi, duara ndani ya duara, kama kitunguu kilichokatwa. Sivyo. Ni mmoja, unajizungusha kutoka ukingoni kwenda katikati kama ukili unavyozungushwa wakati wa kushona kawa. Ukiweza kuunyoosha mfereji wa upande wenye dakika 20, utapata zaidi ya mita 400. Yaani sindano inakimbia mzunguko mzima wa uwanja wa riadha na chenji inabaki, huku wewe umekaa na kikombe. Kuta za mfereji zimechongwa mawimbi, sindano inayumbishwa nayo, na kuyumba huko ndiko kunakogeuzwa umeme, kisha sauti. Hakuna kingine humo. Kila kinanda, kila ngoma, kila pumzi ya mwimbaji ni jiwe dogo la ncha ya sindano linaloyumbishwa mtaroni.

Sasa, mchongaji akitaka, anaweza kuukunja mfereji ukutane na mkia wake mwenyewe. Sindano ikiingia humo haitoki hadi mtu aje. Kwa kweli karibu kila sahani ina mfereji wa namna hiyo mwishoni, mtupu, ili sindano isiende kuparura karatasi ya katikati. Lakini ukiutilia sauti, ile sauti itarudi na kurudi hadi umeme ukatike, jambo ambalo kwetu huwa si mbali. Mwaka 1948 Pierre Schaeffer, mhandisi wa redio ya Ufaransa, alikuwa akitunga muziki kwa mifereji iliyofungwa, na treni zilikuwa miongoni mwa vyombo vyake. Kule Detroit alikuwepo fundi aitwaye Ron Murphy, mwenye mashine ya kuchongea sahani na subira ya mfua fedha, na watu wa tekno wakimwendea na maombi ambayo fundi mwingine angewafukuza. Jeff Mills, mmoja wao, alitoa sahani ya Cycle 30 mwaka 1994 ikiwa na mifereji ya aina hiyo upande mmoja. Dijei anaiweka, inazunguka, naye anafanya mengine juu yake. Ni mpiga ngoma asiyeomba maji wala posho.

Lakini linalonikosesha usingizi ni hesabu. Sahani kubwa huzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, kwa hiyo mzunguko mmoja ni sekunde 1.8. Tia midundo minne kwenye mzunguko huo, kisha zidisha: midundo 133 na theluthi kwa dakika. Hiyo ni kasi ya tekno, barabara, kama iliyopimwa kwa pishi. Na hakuna aliyeipima! Kampuni ya Columbia ya Marekani ilipoingiza sokoni sahani za kasi ya 33 na theluthi, mwaka huo huo wa 1948, ilikuwa inawaza watu wa simfoni waliochoka kuinuka kila dakika nne kugeuza sahani. Wakaacha ndani ya mashine mlango wa siri, na vijana wa Detroit wakaja kuupata zaidi ya miaka 40 baadaye.

Hesabu hiyo hiyo ina upande wake mwingine. Dakika 23 mara 33 na theluthi. Niliipiga usiku ule kitandani, mke wangu akicheka gizani bila hata kujitahidi kuficha: mizunguko 766. Mara 766 kijiko kiligonga glasi pale pale, kwa nguvu ile ile, na mara moja kati ya hizo mimi niliinua kidole.

Uchungu ni kwamba muziki huu wote umejengwa kwa makosa ya watu, ila makosa yao yalizaa. Katikati ya miaka ya 1970 Tom Moulton, fundi wa kuchanganya nyimbo, alikwenda kuchongesha wimbo New York, akakuta sahani tupu za inchi 7 zimekwisha. Wakatumia kubwa zaidi. Ili nafasi isibaki bure, wakautanua mfereji, na hapo besi, ambayo siku zote hutaka uwanja wa kuyumbia, ikapata pa kunyooshea mabega. Ndiyo asili ya sahani ya dansi ya inchi 12. Mwaka 1976 lebo ya Salsoul ikaanza kuuza ya kwanza madukani, "Ten Percent" ya Double Exposure. Watu wa kampuni ya Roland ya Japani nao, mwanzoni mwa miaka ya 1980, walitengeneza kisanduku cha TB-303 ili mpiga gitaa asiye na mwenzake apate besi ya kumsindikiza. Hakikufanana na besi ya binadamu yeyote, wanunuzi wakakikimbia, kikaishia kuuzwa mitumba. Vijana watatu wa Chicago waliojiita Phuture wakakizungusha vitufe kwa namna ambayo maelekezo hayakusema, wakatoa "Acid Tracks" mwaka 1987, na dansi za nusu ya Ulaya zikageuka. Wao walikosea wakazaa muziki. Mimi nimezaa mzaha wa ukoo.

Sasa kuna jambo nataka kulisema bila kucheka. Sahani ile ilinigharimu euro 32. Kuisafirisha, euro 29. Kisha forodha, kisha wakala, kisha bodaboda. Mtu akilipa hivyo ana haki ya kuuliza ni nani anayeshiba. Larry Heard wa Chicago alitunga "Can You Feel It", wimbo ambao hadi leo ukipigwa saa kumi alfajiri watu wazima hukumbatiana. Ni wa mwaka 1986. Mwaka 2020 yeye na mwimbaji Robert Owens walilazimika kwenda mahakamani kudai mirabaha ya nyimbo zao za wakati ule, na ilipofika 2022 ndipo wakapatana na kurudishiwa haki zao. Karibu miaka 36, nyimbo zikichapwa na kuchapwa tena. Charanjit Singh wa Bombay, mpiga vyombo wa filamu na wa harusi, alipiga raga juu ya mashine za Roland, TB-303 ikiwemo, akatoa sahani mwaka 1982, miaka mitano kabla ya Chicago. Haikumpa kitu. Ilipochapwa upya mwaka 2010 watu wa Ulaya walishangaa, wakamwalika. Mwaka 2015 alifariki. Sifa nayo husafirishwa kwa meli.

Wala nisiende mbali. Mnadhani mama mkwe aliijulia wapi ile sarafu? Alikuwa na boksi zima la sahani ndogo za taarabu, Black Star na wenzao wa Tanga, zilizochakaa kwa kuchezwa hadi haziendi bila shilingi juu ya kichwa. Akapita mtu mtaani ananunua vitu vya kale. Boksi likaenda kwa bei ya kilo mbili za mchele. Mwaka jana niliiona moja ya namna hiyo ikiuzwa mtandaoni, mgeni mwenye mnada akisifia hata mikwaruzo yake, dola 60. Sikumwambia. Nilifunga simu nikaenda uani kuangalia maji.

Mengine ni madogo. Kwenye fomu ya forodha niliandika "sahani mbili". Afisa akataka kujua ni za udongo au za melamini, kisha akatazama bei na kuita wenzake. Sahani ya bendi ya Kraftwerk niliisahau ndani ya gari Kariakoo saa saba mchana, nikarudi nikakuta bakuli. Nyingine niliipiga wiki mbili kwa kasi ya 33 badala ya 45, nikimsifia mwimbaji kwa sauti yake nzito ya kiume, kumbe ni mwanamke. Sindano ya juzi imeharibika, maana imeumbwa kubeba gramu 3 au 4, na sarafu peke yake ni zaidi ya hapo.

Nimeshanunua nyingine. Na leo asubuhi mama mkwe alikuja kumsaidia binti yake, tuna wageni tena. Nilimwamkia, akaniitikia, akavuta mbuzi wa kukunia nazi, akakaa. Nikawa najifanya nina shughuli upande mwingine wa chumba.

"Mwanangu, ile yako ya kukwama ipo?"

"Ipo, Mama."

"Basi iweke."

Nikaiweka. Safari hii mkono haukutetemeka, sindano nikaishusha pale pale, nikijua ninachofanya. Du, du, du, du. Akasikiliza kidogo, akashika kifuu, akaanza: mdundo mmoja kwenda, mdundo mmoja kurudi, tui la baadaye likidondoka siniani kama theluji ya kwenye televisheni. Hakuharakisha wala hakuchelewa. Nazi ya kwanza ikaisha, akachukua ya pili. Nilisimama mlangoni, mikono nyuma, nikahesabu mizunguko hadi nikapotea.

"Nibadilishe, Mama?"

"Iache."

Katikati ya nazi ya tatu mikono yake ikasimama. Akainamisha kichwa kama mtu anayesikia hodi ya mbali, akainua kidole kimoja, cheupe kwa machicha.

"Hapo," akasema. "Umesikia? Kijiko kimesogea."