Sifa za Vumbi la Oktoba

Mfalme husifiwa kwa taji lake, tajiri kwa ng'ombe zake. Vumbi la Shinyanga halijapata wa kulisifu, ingawa kila Oktoba hutembelea kila nyumba bila kubagua. Hukaa juu ya Biblia na juu ya kaunta ya baa, hupenya sanduku lililofungwa kwa kufuli, na humpa mkuu wa ofisi na mpiga debe nywele za rangi moja. Ni kiongozi gani mwingine aliyewahi kuleta usawa wa namna hii, tena bila kampeni?

Msimu wake unajulikana. Mvua za huku, milimita 600 hadi 800 kwa mwaka, hunyesha zaidi kati ya Novemba na Aprili. Ikifika Oktoba pesa ya pamba imeshakwisha, malambo yamebaki ngozi ya tope iliyopasuka, na mbavu za ng'ombe zinahesabika. Kwenye stendi ya Kahama mama ntilie anamwaga maji kwa kopo mbele ya banda lake, anafunika maandazi kwa kitambaa cha maua, anamhudumia mteja wa kwanza, wa pili. Akigeuka, ardhi imeshakauka na lori la kwenda Burundi limeshapita. Anachukua kopo tena.

Huu ndio wakati ambao moyo wa Msukuma husinyaa. Mzungu husinyaa Februari, theluji ikiwa imegeuka uji wa kijivu barabarani, na kalenda ya Kanisa imemwekea Jumatano ya Majivu papo hapo, imkumbushe alikotoka, mavumbini. Shinyanga siku hiyo humkuta mtu shambani, mahindi yakiwa mabichi, akipakwa jivu huku miguu yake imejaa tope. Kumbusho hilo lingekuja Oktoba, padri asingehitaji hata kuchoma matawi. Mlango wa kanisa ukiachwa wazi, ibada ingejifanya yenyewe.

Waislamu wamelitambua vumbi mapema zaidi. Maji yakikosekana, muumini hupiga viganja juu ya udongo safi, akapangusa uso na mikono, na tayamamu yake hukubalika. Mabomba ya Ziwa Victoria yalipofika Kahama na Shinyanga mwishoni mwa miaka ya 2000, vumbi lilipoteza wateja kadhaa, lakini cheo chake cha kisheria halikunyang'anywa.

Tena vumbi hili lina historia, halikuja tu. Simulizi za Usukuma zinamtaja Ng'wana Malundi, aliyekausha miti kwa kuinyooshea kidole. Serikali ya mkoloni, kwa kukosa kidole cha aina hiyo, ilitumia mashoka. Katika miaka ya 1920 na 1930 Shinyanga ilikuwa makao ya utafiti wa mbung'o chini ya Charles Swynnerton, na vichaka vikafyekwa eneo kwa eneo ili mbung'o wakose kivuli. Mashamba ya pamba yakafuata, mifugo ikaongezeka, na kuni zikaendelea kukatwa. Kufikia miaka ya 1980 mkoa ulikuwa ukiitwa jangwa la Tanzania. Mwalimu Nyerere alipopita mwaka 1984 alisikitika, na mwaka 1986 ukazaliwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI.

Wakili wa vumbi angeuliza hapa: ni nani aliyemshtua Rais? Si ripoti iliyofungwa kwenye faili. Mradi ule haukuja na dawa mpya, ulirudi kwenye ngitili ya wazee: kipande cha malisho kinachofungwa mvua zikianza, nyasi zikaachwa zisimame, kikafunguliwa kiangazi kikikaza. Dagashida, baraza la jadi, ilitunga sheria na sungusungu wakalinda. Ngitili zilizokuwa hekta 600 hivi mwaka 1986 zilizidi hekta 300,000 miaka isiyofika 20 baadaye. Mtu akisimama kwenye ukingo wa ngitili mwezi wa Oktoba huona nyasi za rangi ya simba zikifika kiunoni, na nyuma yake, hatua tatu tu, uwanja mtupu unaopeperuka.

Geita, kwa upande wake, vumbi ndiyo kazi yenyewe. Kule Rwamagasa au Nyarugusu mchimbaji mdogo hushuka duarani akapandisha mawe, mawe yakapigwa nyundo hadi kokoto, kokoto zikaingia karashani na kutoka laini kama sembe. Dhahabu iliyojibana kwenye mwamba haishikiki mpaka jiwe likubali kuwa unga. Ndipo huoshwa mwaloni, na zebaki ikamalizia. Kiangazi ndiyo neema yao, maana mvua zikianza maduara hujaa maji.

Hapa msifiaji analazimika kukohoa. Vumbi la karasha lina silika, na silika hutia makovu mapafuni, ikaleta silikosisi na kukifungulia mlango kifua kikuu. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii chembe ndogo kiasi hicho. Wakili mwerevu angeruka ukurasa huu.

Arudi basi kwenye ushahidi wake mkubwa. Mwaka 1880 Mskoti John Aitken alipuliza mvuke kwenye chombo chenye hewa iliyochujwa vumbi, na ukungu haukuonekana. Kwenye hewa ya kawaida, yenye vumbi, ulitanda mara moja. Mvuke angani unahitaji kitu cha kushikilia: chembe ya vumbi, ya moshi, ya chumvi ya bahari. Kwa hiyo waumini wanaposimama uwanjani kwa swala ya kuomba mvua, au wanapopiga magoti kanisani kwa ombi lilelile, wanachokipangusa kwenye viatu ni ndugu wa kile kitakacholibeba tone wanaloliomba.

Halafu siku moja ya Novemba, saa kumi jioni, upepo unageuka. Matone ya kwanza ni machache na mazito, na kila moja linachimba kishimo chake kwenye vumbi. Harufu inapanda. Waaustralia wawili, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, waliichunguza na mwaka 1964 wakaiita petrikori: ni mafuta ya mimea yaliyojikusanya kwenye mawe na udongo muda wote wa ukame, na ukame ukirefuka harufu huzidi. Miezi yote ile ya kulaaniwa, vumbi lilikuwa likiweka akiba.

Mama ntilie ameacha kopo lake chini na anaingiza benchi ndani. Mtoto akizaliwa usiku huo, jina la mvua halina mjadala: wa kiume ni Mabula, wa kike ni Kabula. Vumbi bado halina wajina.