Sifa za Stima Inayopotea

Kuna wanaosifu kahawa, kuna wanaosifu maktaba tulivu. Mimi, katika kuandika tasnifu yangu, namsifu mmoja tu: giza la alasiri, stima inapopotea Kericho.

Utaratibu wangu si mgumu. Asubuhi hufagia chumba na kupanga vitabu. Mchana huanza sentensi. Alasiri upepo wa Ziwa Victoria hukutana na ule wa mashariki juu ya milima hii, wingu likasimama, na mvua ya mawe ikatwanga mabati hata usisikie unachowaza. Kisha stima huenda zake. Betri ya laptopu yangu ilishakufa zamani, basi chochote ambacho sijahifadhi huandamana nayo.

Mhariri gani mwingine ana ujasiri huu? Hakuambii aya ya tatu "ingeboreshwa kidogo". Anaifuta. Hana upendeleo, wala hajawahi kudai nimtaje kwenye marejeleo. Utangulizi wangu ulianzia mashamba ya walowezi ya miaka ya 1920, ukapita kwenye taasisi ya utafiti wa chai iliyoanzishwa 1951, ukaendelea tu. Kila alipoufuta niliuandika upya kwa hasira, na mwenye hasira hana pumzi ya kurasa tisa. Sasa ni aya mbili, tena zinasomeka. Na kumbe walikuwepo waliotaka kutunyang'anya mhariri huyu! Miaka ya 1960 roketi za baruti zilirushwa mawinguni humu humu Kericho ili kuizuia mvua ya mawe. Chai ingepona, sikatai. Elimu ya juu ingeangamia.

Hupumzisha macho pia. Huokoa tokeni za stima.

Lakini hasa nampendea hili: hujibu siku hiyohiyo. Sura ya pili nilimpelekea msimamizi wangu mwezi wa Machi. Machi! Mkulima wa Bomet akichuma majani asubuhi, sharti yafike kiwandani siku hiyo, la sivyo yanapata joto ndani ya gunia, yanageuka mekundu, yanakataliwa. Hata mtoto anayechunga ng'ombe kando ya shamba analijua hilo. Sura yangu, inayohusu hasara ya majani hayohayo, imelala kwenye meza ya mtu mwenye shahada tatu. Nikimwandikia, tiki mbili zinageuka buluu, basi. Nikienda ofisini, karani ananiambia, "Daktari yuko mkutanoni," na nikichungulia dirishani gari lake nalo limeenda mkutanoni.

Wala si yeye peke yake. Idara inangoja ripoti ya msimamizi, kitengo cha uzamili kinaingoja idara, na muhula ukigeuka kabla hawajamaliza kungojeana, anayetozwa karo ya kuchelewa ni mimi. Barua ya deni ilinifikia siku ya kwanza ya muhula, kabla ya saa nne asubuhi. Ilikuwa na muhuri, sahihi mbili, na jina langu limeandikwa bila kosa hata moja.