Inawaka, Haionyeshi

Kompyuta ikifa yenyewe, watu wanakupa pole. Ikifa baada ya kuongezewa kitu, wanakuuliza nani alikutuma. Mimi nimeulizwa na mtaa mzima, na waulizaji wakubwa ni walewale wanaokuja kwangu kuchapa barua za kuomba kazi, bure, na karatasi juu yangu.

Zimenituma video za harusi. Binti yangu anahariri video za harusi, sendofu na kipaimara, na mashine yetu ni CPU ya mtumba iliyostaafu ofisini huko Ulaya kabla ya kuletwa Tabata kutumikishwa upya. Kuandika barua inaweza. Kuonyesha bibi harusi akikata keki, haiwezi. Ikifika hapo inaganda. Bibi harusi kainua kisu, bwana harusi kafumba jicho moja, mshenga kaachama. Unakwenda kubandika chai, inachemka, unakunywa, unarudi, kisu kiko palepale juu. Wenye harusi nao wanapiga simu kuuliza video iko wapi, maana mtoto karibu anazaliwa.

Fundi akasema dawa ni kadi ya grafiki. Hapa nampa haki yake, alichagua kwa akili. Tundu la kadi kwenye mazabodi linatoa umeme wa wati 75, basi, na pawa saplai za mashine za ofisi mara nyingi hazina zile nyaya za ziada za kulisha makadi makubwa. Akatafuta kadi ndogo inayoshiba kwa hizo hizo 75. Akaichomeka, akafunga skrubu, akabonyeza. Feni zikaunguruma. Taa ikawaka. Skrini ikabaki nyeusi tii.

“Inawaka, ila haionyeshi,” akasema, kwa sauti ya daktari anayetaka ndugu wa mgonjwa wakae chini kwanza. Papo hapo simu yake ikaita. Simu za mafundi zina kipaji hicho. Akasema anakuja sasa hivi, akapanda bodaboda, na hiyo sasa hivi bado ilikuwa njiani siku zote ninazozisimulia hapa.

Kinachoniudhi katika skrini nyeusi ni ule ukimya. Gari bovu hugonga, friji bovu huvuja, jenereta mbovu hutoa moshi hadi jirani analalamika. Zamani hata kompyuta ilikuwa na adabu ya kusema. Tangu ile IBM PC ya mwaka 1981, mashine ikiwashwa hujikagua kabla ya yote, na ikiwa haina pa kuonyesha ilichokiona, hulia. Kwa zile za IBM, mlio mmoja mfupi ulimaanisha salama. Mmoja mrefu ukifuatwa na miwili mifupi, tazama upande wa picha. Baadaye kila kampuni ikaja na milio yake, lakini angalau ulikuwa na pa kuanzia. Siku hizi kile kispika kidogo cha kulilia, kinachogharimu pesa ya vocha, mashine nyingi hazina. Wameweka taa za rangi kwenye feni badala yake. Mashine haiwezi kukwambia inaumwa wapi, ila inaweza kung’aa zambarau.

Basi mashine isiposema, watu husema kwa niaba yake.

Jirani wa mbele akaagiza tutoe RAM tuifute miguu yake ya dhahabu kwa raba ya penseli. Kijana wa duka la vocha akasema hapana, ng’oeni ile betri ya duara, CR2032, mkae kidogo, mrudishe, mashine isahau mambo yote ianze upya. Tatizo la ushauri huu ni kwamba si wa kijinga. Miguu ya RAM huchafuka kweli, na raba huisafisha kweli. Betri ikitolewa, mipangilio ya mazabodi hurudi ya kiwandani kweli. Ushauri wa kijinga unaupuuza ukaendelea na chakula chako. Huu wa nusu kweli unakulazimisha kuinama na bisibisi, jasho likidondoka, miwani ikiteleza, mama watoto amesimama mlangoni akiuliza kama meza ya kulia chakula itarudi kuwa meza ya kulia chakula.

Tulifuta. Tuling’oa. Tulipuliza vumbi, na vumbi lenyewe nadhani lilikuwa la Ulaya, maana lilikuwa jeupe na halikunifanya nipige chafya. Weusi haukubanduka.

Shemeji yangu, mdogo wake mama watoto, yeye alikuja na ushauri mmoja tu. “Shemeji, zima uwashe.” Nikamwambia tumezima na kuwasha mpaka batani inalegea. Akatikisa kichwa kwa huruma. “Hamjazima vizuri.” Kisha akaomba maji ya baridi, akakaa.

Aliyetutoa hapo ni binti. Akabonyeza kitufe cha Num Lock kwenye kibodi. Kitaa chake kikawaka. Akabonyeza tena, kikazima. “Baba, mashine ni nzima,” akasema. Kumbe kitaa kile hakijiwashi chenyewe: kibodi inapeleka habari ndani, na ndani ndiko inakotoka amri ya kuwasha. Mashine iliyokwama haijibu. Yetu ilikuwa inajibu vizuri tu. Muda wote ule, huku sisi tukiifanyia upasuaji, ilikuwa imeshawaka, imeshapanga mafaili yake, imekaa inatusubiri gizani. Naam, nilikasirika zaidi. Bora mgonjwa kuliko anayenyamaza huku anasikia.

Ikabaki njia ya picha. Skrini yetu ni ya VGA, ile ya plagi ya buluu yenye skrubu mbili za kukaza pembeni. IBM waliileta mwaka 1987, na mwaka 2010 makampuni makubwa, Intel na AMD wakiwamo, yakatangaza kwamba ifikapo 2015 yataachana nayo. Tabata hatukupata barua. Kadi mpya ina tundu la HDMI na tundu la DVI, la buluu hakuna. Na lile tundu la buluu la mazabodi yenyewe? Mazabodi nyingi za ofisi zikiona kadi imeingia, hufunga tundu lao bila kuaga, kama mkamwana anayemwachia jiko mama mkwe anapofika.

Kwa hiyo kadi iliuzwa pamoja na adapta, ya kuvaa kwenye DVI na kupokea ile plagi ya buluu. Na hapa naomba nisikilizwe. VGA inaelewa picha ya analogi, mawimbi yanayopanda na kushuka. DVI ya zamani ilikuwa na vitundu vinne vidogo kuzunguka ule mwanya bapa wa pembeni, na humo ndimo analogi ilimopita. Kadi za siku hizi zimeviziba, zinatoa dijitali tupu. Adapta ya kweli ina pini nne zinazotafuta vile vitundu, isipovipata haiingii, na wewe unajua mapema. Yetu haikuwa na zile pini. Iliingia laini, ikakaza, ikapendeza. Ndani yake hakipiti kitu. Yaani kuna mtu mahali fulani, mwenye mshahara na likizo, alikaa akachora kifaa ambacho kazi yake yote ni kuingia.

Nikairudisha Kariakoo. Muuzaji hakubisha, alinionyesha tu karatasi ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Nikamweleza habari ya analogi na dijitali, kwa mapana kama nilivyowaeleza ninyi. Akanisikiliza mpaka mwisho.

“Mzee wangu, iliingia au haikuingia?”

“Iliingia.”

“Sasa?”

Nikanunua konveta ya kutoka HDMI kwenda VGA, ile yenye kijichipu ndani kinachotafsiri dijitali kuwa analogi. Kwake huyohuyo, maana duka la pili lilikuwa limefunga kwa swala na mimi nilikuwa sina tena nguvu ya kulinganisha bei. Ilikuwa imening’inia nyuma yake siku zote.

Jioni tukaifunga mbele ya hadhara: jirani wa raba, kijana wa betri, watoto wasio wangu. Mashine ilikuwa tayari inaunguruma. Nikachomeka konveta, nikakaza skrubu za plagi ya buluu, nikarudi nyuma.

Nyeusi.

Binti akaanza kunieleza kwamba huenda kadi ilishajipanga tangu ilipowashwa, haijagundua kuwa kuna kitu kimechomekwa, kwa hiyo ingebidi. Hakumaliza. Shemeji aliinuka kitini, akaweka glasi chini, akabonyeza batani ya kuzima kwa kidole kimoja, akahesabu kimoyomoyo huku midomo ikicheza, akabonyeza tena.

Picha ikaja. Bibi harusi akashusha kisu, keki ikakatika, watu sebuleni wakapiga vigelegele kwa ndoa ya watu wasiowajua. Shemeji hakutabasamu hata. Alifuta kidole chake kwenye suruali, akaniambia, “Nilikwambia hamjazima vizuri.”

Kesho yake asubuhi nimekuta watu wawili mlangoni wamebeba CPU zao. Hawaniulizii mimi. Wanamtaka injinia.