Friji Yangu Inabagua Watu

Mama watoto anafungua friji, anatoa nyanya, anafunga huku akiimba. Watoto wanaifungua mara ishirini kwa siku kuangalia kama kuna kipya. Salama. Mimi nikigusa tu mpini, shoti! Mkono unaruka, glasi inajitafutia pa kuangukia.

"Una gundu, baba," mke wangu akasema.

Nikamwita fundi. Akagusisha testa kwenye mlango, taa yake ikawaka. "Bodi ina moto, mzee."

"Mbona wengine haiwapigi?"

Akanionyesha nje. Kunguru ametua kwenye waya wa nguzo, anajichokonoa manyoya. "Na yule mbona hafi?"

Hapo nikakumbuka fizikia ya kidato cha pili niliyoilala. Kunguru kakanyaga waya mmoja kwa miguu yote miwili. Volti za mguu wa kulia na wa kushoto ni karibu sawasawa, basi umeme hauna sababu ya kupita kwake. Volti ni tofauti kati ya sehemu mbili, kama maji: tangi likiwa juu ya paa, bomba la chini linafoka, lishushe sakafuni, usawa mmoja na bomba, utasubiri ndoo ijae mpaka Idi.

Sasa tofauti pale jikoni anaileta nani? Wenzangu wote wamevaa kandambili, mpira mtupu. Mimi natoka bafuni pekupeku, nakanyaga saruji iliyolowa. Mkono kwenye bodi yenye moto, miguu ardhini kwenye sifuri, na daraja ni mimi. Shukuru umeme ulikuwa unavuja kidogo tu. Zingenipata volti zote 230 sawasawa, ukurasa huu ungekuwa na tanzia.

Nikatafuta wa kumlaumu. Volti imepewa jina la Alessandro Volta, Mwitaliano aliyetangaza betri yake mwaka 1800, lakini huyo kafariki tangu 1827.

Fundi akavuta friji, akaokota waya. "Huu wa kijani na njano ndio wa ethi. Kazi yake kuupeleka moto wa bodi ardhini kabla haujakufikia wewe. Nani kaukata?"

Nikatazama dari. Mwaka juzi nilifunga plagi ya pini mbili ili iingie kwenye ekstensheni, na ule waya wa tatu niliona hauna kazi.

Fundi kanitoza elfu kumi na tano kurudisha kitu nilichokuwa nacho bure. Mke wangu bado anauliza nani aliukata. Ukikutana naye, tafadhali, sema panya.