Majaliwa Yaliposinzia

Filamu ya The Adjustment Bureau ya mwaka 2011 iliwagawa watazamaji: huyu anajifuta machozi, yule anacheka kofia. Maana hao wasimamizi wa majaliwa bila kofia kichwani hawapiti katika milango yao ya mkato ya New York. Ofisi iliyoshika mpango wa dunia nzima, na inategemea pama! Hata karani wa ardhi hutosheka na mhuri.

Kisa chenyewe je? Afisa alipaswa kumfanya mwanasiasa, Matt Damon, amwagikiwe kahawa asubuhi. Akapitiwa na usingizi kwenye benchi. Bwana akawahi basi, akamkuta Emily Blunt, na kudura ikaenda mrama. Katika hadithi ya Philip K. Dick ya 1954 iliyozaa filamu hiyo, mchelewaji alikuwa mbwa asiyebweka kwa wakati, na mhusika alikuwa na mke wake tayari. Naona mbwa alipandishwa cheo.

Wapenda falsafa wananung'unika kwamba swali la hiari limezama kwenye mabusu. Mimi naishangaa kahawa tu: binti kama yule, kikwazo doa la shati?