Sifa za Skrini ya Buluu

Mnazi umesifiwa, jahazi limesifiwa, lakini laptopu inayojizima katikati ya kazi haijatungiwa hata ubeti mmoja. Kila skrini ikigeuka buluu hupokea laana tu. Naitetea, maana katika mtambo mzima hakuna mkweli kuliko hiyo. Programu ya kawaida ikikosea, Windows huifunga hiyo peke yake na nyingine zikaendelea. Kosa likitokea ndani ya kiini cha mfumo, tuseme draiva imegusa sehemu ya kumbukumbu isiyo yake, hapo hakuna tena wa kuaminiwa: hesabu inayofuata huenda ni ya uongo, na uongo huo ukaandikwa kwenye diski juu ya faili nzima. Basi mfumo husimama, hutangaza kosa, huweka kumbukumbu ya yaliyotokea, kisha kwa kawaida hujiwasha upya. Ni watunza hazina wangapi ambao, wakiona hesabu hazilingani, hufunga ofisi na kukiri siku hiyo hiyo?

Wanaodhani mashine nzuri haielemewi waulize habari za mwezini. Tarehe 20 Julai 1969, chombo cha Apollo 11 kilipokuwa kikishuka, kompyuta yake yenye maneno 2,048 tu ya kumbukumbu ya kuandikika ilizidiwa na kazi, ikatoa ving'ora vya 1202 na 1201. Ilijianzisha upya mara kadhaa, ikatupa kazi ndogondogo na kushikilia zile za kutua, na Armstrong na Aldrin wakafika salama. Linux nayo, RAM ikiisha kabisa, huchagua programu moja ya kuua ili nyingine zipone. Kwa hiyo laptopu inayozimia chini ya vichupo arobaini vya kivinjari isidharauliwe. Ina ukoo uliofika mbali kuliko mwenye nayo.

Atatokea wa kuuliza: na ile Ijumaa ya tarehe 19 Julai 2024, sasisho bovu la kampuni ya usalama wa kompyuta, CrowdStrike, lilipoangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 na ndege zikashindwa kuruka? Ni kweli, hasara ilikuwa kubwa. Ila mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na mwenye jambo si mpiga mbiu. Faili mbovu ndiyo iliyoifanya draiva isome mahali pasipo pake. Skrini ilitoa taarifa tu. Mwingine atalilia kurasa zake kumi. Pole yake, lakini skrini haikumnyang'anya kitu alichokuwa amekihifadhi. Alichopoteza alikuwa amekiweka rehani kwa bahati. Mwaka 2025 Microsoft ilianza kuivua buluu na kuivisha nyeusi, vazi la msiba, kana kwamba mkweli ameshazikwa. Mwenye hoja ya kunipinga na aiandike, nami nitaisoma, mradi asiache kuihifadhi kila baada ya sentensi.